Baruti ya Kaya Fungo

Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa na hawe kando ya barabara pale Tezo tukiuza maembe, tairi la lori likapasuka. Nguo niliyovaa siku hiyo siikumbuki. Harufu ya mpira ulioungua bado ninayo, na mkono wa hawe ulivyonikaba shingo. Alisema neno moja tu: "Fungo."

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama walikuwa wamekataa kodi ya nyumba na kazi ya kulazimishwa, na mwaka uliotangulia Mekatilili wa Menza alikuwa amewalisha kiapo. Baruti ilikusudiwa iwafunze woga.

Hawe hakuwepo. Alisimuliwa na hawe yake.

Nilipoacha chuo nikaanza kumrekodi kwa simu. Mara mlipuko ulikuwa alfajiri, mara usiku. Nikadhani ananichezea, mpaka niliposoma habari za ubongo.

Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Ndani ya ubongo noradrenalini hupanda, na amigdala, kipande kidogo chenye umbo la lozi, huiamuru kumbukumbu ishike. Mwaka 1994, Larry Cahill na James McGaugh wa California waliwapa watu propranololi, dawa inayozuia kazi ya kemikali hizo, kisha wakawaonyesha hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari. Baada ya wiki moja, sehemu ya kutisha haikuwa imewakaa kama ilivyowakaa wale ambao hawakupewa dawa.

Halafu mwaka 2000, Karim Nader na wenzake wa New York wakaonyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulainika, na ubongo hulazimika kuihifadhi upya. Yaani kukumbuka pia ni kurekebisha.

Kwa hiyo hawe hakunidanganya. Saa ya mlipuko imepotea njiani, ila mshtuko umefika. Wala haukuja kwa damu: ulikuja kwa sauti yake inayoshuka kila akifika pale, na mimi mtoto nikajifunza kuogopa kwa kumsikiliza.

Lakini Waingereza walikosea hesabu. Baada ya mlipuko Wagiriama hawakunyamaza, walipigana. Walichomewa nyumba, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na hata hivyo kiapo hakikusahaulika. Kemikali hukuwekea hofu kichwani, lakini haikuamulii utaifanyia nini.

Sasa hivi hawe jina langu humpotea. Juzi pikipiki ilipiga mlio mkali hapo nje, akanishika shingo vilevile.

"Fungo," akasema.

Nikawasha simu. Nikamwomba aanze tena, tangu mwanzo.