Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ni mkutano wa wakazi wote wa kijiji cha Tanzania Bara waliotimiza umri wa miaka 18, wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji hicho. Ulianzishwa kwa sheria ya kuandikisha vijiji ya mwaka 1975, na sasa unaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Huitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu.

Mwenyekiti wa kijiji huendesha kikao, na afisa mtendaji huandika muhtasari. Mara nyingi watu hukaa chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule. Anayetaka kusema hunyoosha mkono, akipewa nafasi husimama, husalimia, kisha hutoa hoja yake. Hapo ndipo mkulima asiye na cheo humtaka mtendaji asome mapato na matumizi, tena mbele ya majirani wote.

Uzito wa kauli hizo huonekana zaidi katika ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo mkazi anayenyamaza kikaoni huwaachia wengine uamuzi juu ya malisho, msitu na mashamba. Halmashauri yenyewe huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano.