Anayewahi Kuamka, Alale Mwisho

Usiku mmoja niliizima seva ya ofisini, ikagoma kuzimika. Ilikuwa ikisubiri mafaili yaliyoko kwenye kompyuta nyingine, na njia ya kuyafikia nilikuwa nimeshaikata mwenyewe. Nikaishia kuchomoa waya. Ripoti ya mwezi mzima, kwaheri.

Kosa langu lilikuwa tarakimu moja. Unix System V ya AT&T, ya miaka ya 1980, ilituachia desturi ya kupanga huduma kwa foleni: faili lenye herufi S huwasha, lenye K huzima, na namba inayofuata huonyesha zamu. Kwenye Red Hat za zamani mtandao ulikuwa S10 na K90. Yaani huamka mapema, hulala baada ya wote wanaoutegemea. Mimi nilikuwa nimeandika K10.

Tatizo la foleni, bwana, mmoja akikwama wote wanasubiri. Ubuntu wakaleta Upstart mwaka 2006. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakatangaza systemd, ambamo huduma hutaja inamtegemea nani badala ya kupewa namba. Debian walipoikubali mwaka 2014, zogo likawa kubwa hadi wengine wakajitenga na kuanzisha Devuan.

Ugomvi wa kuwasha kompyuta tu? Nawaelewa. Lakini hata systemd haikuigusa busara ile ya zamani: ukiagiza huduma ianze baada ya mtandao, wakati wa kuzima itatangulia kufungwa. Ningeijua mapema, ripoti yangu ingepona.