Wavu Uliozibwa: Nyavu za Ziwa Viktoria Tangu Mgono Hata Nailoni

Natumaini kwamba kila kundi limekwisha kusanyika, na kwamba mwandishi wa kundi ana kalamu na karatasi tayari. Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za kitu ambacho wengi wenu mlioko Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Musoma mwaweza kukigusa kwa mkono sasa hivi, yaani wavu wa kuvulia samaki. Na katika wavu huo nataka tutazame jambo moja hasa: tundu lililopasuka, na namna watu walivyoliziba.

Huenda mtu akauliza, "Tundu la wavu lina historia gani?" Linayo. Kila mara nyuzi za wavu zilipobadilika katika ziwa letu, kazi ya kuziba ilibadilika pia, na hali ya mvuvi ikabadilika pamoja nayo. Kwanza tupatane maneno. Nikisema "jicho" nina maana ya kile kipenyo cha wavu kilichofumwa makusudi, chenye fundo kila pembe. Nikisema "tundu" nina maana ya mahali palipopasuka.

Hapo kale, kabla ya reli na maduka, watu wa kando ya ziwa walivua kwa migono, kwa ndoana, na kwa nyua za matete zilizojengwa katika maji mafupi. Mgono, kama mjuavyo, ni kikapu chenye mdomo mpana na koo jembamba. Samaki huingia kwa urahisi, lakini kutoka hawezi. Tena walifunga mafunjo pamoja yakawa kama mkeka mrefu na mnene, na watu wengi wakaukokota mpaka ufuoni, samaki wakiwa mbele yake.

Vyombo hivyo viliharibika upesi. Lakini tazameni jambo hili: matete na mafunjo yaliota pale pale ufuoni. Mgono uliotoboka asubuhi uliweza kurudi majini jioni, na gharama yake ilikuwa kisu na kazi ya mikono. Kati ya mvuvi na chombo chake hapakuwa na duka. Upungufu wake ulikuwa kwamba vyombo vingi vya namna hiyo havikuweza kumfuata samaki katika maji marefu.

Mwezi wa Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Ghuba ya Winam, na baadaye zikaenea mpaka upande wetu wa kusini. Wavu wa kutega husimama majini kama pazia. Maboya huushika juu na chubwi huuvuta chini. Samaki hatoshi kupita katika jicho. Huingiza kichwa, na akitaka kurudi nyuma mashavu yake hunaswa. Kwa hiyo ukubwa wa jicho ndio unaochagua samaki. Mdogo hupita, mkubwa hugonga akageuka, wa kadiri hukamatwa. Shikeni jambo hili, maana tutalirudia.

Kitani hutokana na mmea, na kila kitokacho katika mmea huoza. Kuvu na vijidudu vya majini huzila nyuzi, hasa wavu ukilundikwa ukiwa mbichi. Ndiyo maana nyavu za zamani sana ni adimu kuonekana duniani. Mwaka 1913, karibu na Antrea katika nchi ya Karelia, Ulaya ya kaskazini, ulichimbuliwa wavu uliofumwa kwa nyuzi za gome la mti. Wataalamu wamepima na kuona kwamba umri wake umepita miaka 10,000. Uliokoka kwa sababu tope liliufunika. Binadamu basi amekuwa akifuma macho na kuziba matundu muda mrefu kuliko alivyojua kusoma na kuandika.

Wavuvi wa kitani walipigana na uozo kwa njia mbili. Katika nchi nyingi walichemsha nyavu katika maji ya magome yenye dawa ile ile ya kulainishia ngozi. Magome ya mikoko ya pwani yetu, kama ile ya Rufiji, yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya dawa hiyo. Njia ya pili ilikuwa jua. Wavu ulipotoka majini ulianikwa, na wakati wa kuuanika ndio uliokuwa wakati wa kuukagua na kuuziba. Hivyo ufundi mpya uliingia ufuoni: sindano ya kufumia, kijiti cha kupimia macho, na fundo. Lakini uzi wenyewe ulitoka dukani, na duka lilitaka fedha. Tangu siku hizo mvuvi alianza kuhesabu: je, nizibe, au ninunue?

Wakati huo huo nyavu ziliongezeka, na kila wavu ukapata samaki wachache kuliko zamani. Katika 1927 na 1928 Bwana Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alilichunguza ziwa, na taarifa yake ikapigwa chapa 1929. Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, ambaye ni sato wa asili wa ziwa hili. Bwana Graham alishauri kwamba jicho la wavu lisipungue inchi 5, yaani milimita 127, ili ngege apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shauri hilo likawa sheria.

Jicho hupimwa likiwa limenyoshwa, kutoka fundo hata fundo la upande wa pili. Na hapo kuziba wavu kukawa na uzito mpya. Mtu aliyeziba ovyo, akafunga macho madogo mahali palipokuwa na macho makubwa, alikuwa ameugeuza wavu wake kuwa mtego wa watoto wa samaki, ingawa aliununua ukiwa halali.

Lakini ufuo wa ziwa ni mrefu na wasimamizi walikuwa wachache. Mwaka 1947 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha idara moja ya uvuvi kwa ziwa zima. Hata hivyo mabadiliko makubwa yalikuwa njiani, na hayakutoka katika ofisi yo yote ya Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1935, huko Marekani, Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya Du Pont walitengeneza nailoni. Ni uzi usiotokana na mmea wala mnyama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ulianza kufumwa nyavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyavu hizo zilifika kwetu. Wavuvi walizipenda, na walikuwa na haki. Nailoni haiozi, ni nyembamba lakini ina nguvu, na wavu wake hukamata samaki wengi kuliko wa kitani.

Hapa wazibaji walilazimika kujifunza upya. Nailoni huteleza, fundo moja lililotosha kwa kitani hufunguka lenyewe. Ilibidi kufunga fundo la mizunguko miwili na kulivuta mpaka likaze. Mwisho wa uzi huunguzwa kidogo kwa moto ili usifumuke. Na jambo la kushangaza zaidi ni hili: jua, lililokuwa rafiki wa kitani, ni adui wa nailoni. Mwanga wake huzidhoofisha nyuzi pole pole. Desturi njema ya wazee, ya kuanika wavu kutwa nzima, iliuokoa wavu wa kitani. Lakini desturi hiyo hiyo hufupisha maisha ya wavu wa nailoni. Mazoea ya kazi hayana budi kubadilika chombo kinapobadilika.

Sheria nayo ilibadilika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika ziliondoa kipimo cha inchi 5, na Kenya ikafuata 1961. Wavu usiooza na macho yaliyoruhusiwa kuwa madogo vilikutana katika miaka ile ile. Tena katika miaka hiyo samaki wageni walitiwa ziwani, yaani sangara, na sato wa aina nyingine ambaye ndiye tumlaye zaidi siku hizi. Ngege alipungua mno, hata leo amehesabiwa katika viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Katika miaka ya 1980 sangara alijaa ziwani, na aina nyingi za furu zikapotea. Katika miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vikipeleka minofu ya sangara Ulaya. Na sangara ni samaki wa nguvu. Akiwa mkubwa hauachi wavu mwembamba ukiwa mzima.

Sasa tufike kwenye wavu ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la timba. Nailoni ya kawaida ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Timba ni uzi mmoja usiosokotwa, mgumu, unaopenya mwanga, kama mshipi wa ndoana. Samaki hauoni vizuri, kwa hiyo huvua sana. Lakini tazama linapotokea tundu. Uzi ni mgumu na unateleza, fundo halishiki vema, na ukiuvuta kwa nguvu hukatika. Kuuziba ni kazi kubwa yenye faida ndogo, basi mwenyewe huutupa. Ukitupwa ziwani hauozi. Huendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinaukataza.

Nasema haya bila kumdharau mtu anayenunua timba. Mtu mwenye deni na watoto hutazama bei ya leo. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto, na kila wavu uliochomwa ulikuwa fedha ya mtu. Ndiyo sababu nataka tuhesabu kwa makini. Tuseme wavu wa kwanza unauzwa nusu ya bei ya wa pili. Wa kwanza ukipasuka hutupwa baada ya miezi 3. Wa pili huzibwa na kufanya kazi miezi 12. Kwa mwaka mmoja mwenye wavu wa kwanza atanunua mara 4, naye atakuwa amelipa mara mbili ya mwenzake. Hapo hatujahesabu faini wala samaki waliofia ndani ya wavu uliotupwa. Bei ya dukani ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu ya pili huonekana siku wavu unapopasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye wavu usiozibika hana hata nafasi ya kuchagua. Kila ufa kwake ni ukuta.

Kwa hiyo tuandike mambo matano ambayo historia hii imetufundisha juu ya kuziba wavu wa nailoni nyumbani.

La kwanza, usianze kushona juu ya kingo zilizochanika. Kata nyuzi mbovu kwanza mpaka ufike kwenye mafundo mazima. Anzia kwenye fundo lililobakiwa na nyuzi tatu, na malizia kwenye fundo la namna hiyo hiyo. Hivyo macho yatapangika sawasawa bila kuzidi wala kupungua.

La pili, tumia kijiti cha kupimia; usitumie vidole. Upana wake uwe nusu ya jicho. Kwa jicho la inchi 5 kijiti kiwe inchi 2 na nusu. Kwa jicho la inchi 6 kiwe inchi 3. Kipimo cha sheria cha sasa kwa samaki unayemvua mwulize ofisa uvuvi wa mwalo wako.

La tatu, chagua uzi wenye unene ule ule wa wavu. Uzi mnene mno huvuta wenziwe na kuwakata. Mwembamba mno hupasuka wa kwanza.

La nne, fundo liwe la mizunguko miwili, livutwe mpaka likaze.

La tano, wavu ukikauka uweke kivulini. Na ukiona uzi unakatika kwa kuvutwa kidogo tu, wavu huo umechoka. Usipoteze siku kuuziba. Kata sehemu zilizo nzima uzihifadhi ziwe viraka, na mabaki usiyatupe ziwani.

Ndugu zangu, mvuvi wa mgono alijitegemea kwa sababu matete yaliota karibu naye. Mvuvi wa leo hawezi kuotesha nailoni, lakini ufundi wa kuziba ni wake, na hakuna duka linaloweza kumnyang'anya. Katika mialo yetu wapo wazee na mafundi wanaoujua vizuri. Vijana waketi karibu nao alasiri, kabla mitumbwi haijatoka, wajifunze. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena katika somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza kundini

1. Wazee wa kundi lenu wakumbuka nyavu za namna gani, nazo zilizibwa na nani?

2. Kwa nini jua lilifaa kwa wavu wa kitani, nalo halifai kwa wavu wa nailoni? Je, kuna mazoea mengine ya kazi yenu ambayo yafaa kutazamwa upya?

3. Fanyeni hesabu ya wavu mmoja wa mwalo wenu kwa mwaka mzima: bei, nyuzi za kuzibia, na siku zilizopotea. Je, ni upi ulio rahisi kweli?

4. Pimeni jicho moja lililozibwa na jicho moja la kiwandani katika wavu ule ule. Je, yanalingana?