Kulea kilebu atakayeongoza wasioona
Nchini Marekani, shirika la The Seeing Eye, lililoasisiwa mwaka wa 1929, huwakabidhi watu wa kujitolea vilebu wenye umri wa takriban wiki nane ili wawalee nyumbani mwao. Mlezi hufunza adabu tu: kwenda haja nje, kutomkimbiza paka, kutoshtushwa na honi wala umati wa watu. Kazi yenyewe ya kuongoza hufunzwa baadaye na wataalamu, kwa takriban miezi minne. Ugumu ni kwamba kilebu akishatimiza mwaka mmoja na ushei hana budi kurejeshwa, hata watoto wa nyumba hiyo wakilia. Asipofaulu mafunzoni, aliyemlea huweza kumchukua awe wake. Akifaulu, huenda kuishi na asiyeona, naye mlezi akitaka hupewa kilebu mwingine.