Jedwali lenye mafungu ya wakati

Jedwali lenye mafungu ya wakati ni jedwali la data ambalo rekodi zake huhifadhiwa kwa mafungu kufuata saa, siku, mwezi au mwaka. Hutumika zaidi katika maghala ya data ya winguni, ambako jedwali moja huweza kubeba mabilioni ya rekodi. Anayeuliza habari za wiki moja akitaja tarehe zake, mtambo husoma mafungu saba ya siku na kuyaacha mengine yote.

Mfano unaoihusu pwani ya Kwale, Kenya, ni data za Global Fishing Watch, mradi wa Oceana, SkyTruth na Google uliofunguliwa kwa umma mwaka 2016. Mradi huu hupokea ishara za AIS, ambazo meli hurusha kutaja zilipo, kisha hukadiria saa zilizotumika kuvua. Utafiti wake uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018 ulipitia jumbe bilioni 22 za miaka 2012 hadi 2016 na kufuatilia meli zaidi ya 70,000. Data hizo ziliwekwa katika BigQuery, ghala la Google, kwa mafungu ya siku. Anayetafuta bahari iliyo mbele ya Galu, kusini mwa Diani, atakutana na meli kubwa za maji makuu. Ngalawa na mitumbwi ya Galu yenyewe haimo, kwani haibebi AIS. Sifuri ya jedwali isidhaniwe kuwa ni bahari isiyovuliwa.

Kwa malipo ya kawaida, BigQuery hutoza kwa kiasi cha data kilichosomwa, wala haiangalii ukubwa wa jibu. Kuomba rekodi kumi tu hakupunguzi gharama ikiwa mtambo umelazimika kupitia jedwali zima. Kinachookoa fedha ni kutaja safu zinazohitajika tu, na kuweka sharti la tarehe ambalo mtambo unaweza kulielewa kabla haujaanza kusoma.

Hapo ndipo wengi hukwama. Tuseme mtu anataka msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, kwa miaka yote mitano. Akiandika sharti linalochomoa mwezi kutoka kwenye tarehe, atapata jibu sahihi, lakini huenda mafungu yote 1,827 yakasomwa. Akiandika vipindi vitano, kila kimoja na tarehe yake ya kuanza na ya kuisha, yatasomwa 610. Ni vivyo hivyo kwa anayefuata bamvua na maji mafu: tarehe za mwezi wa angani zikikaa katika jedwali jingine na kuitwa kwa swali la ndani, kwa kawaida mtambo hauwezi kuzijua mapema, hivyo husoma kila kitu. Ni afadhali kuziandika tarehe zenyewe ndani ya swali, hata likirefuka.

Mpaka wa siku nao una mtego. Mafungu ya siku hufuata UTC, saa sanifu za dunia, na Kenya iko saa tatu mbele. Kwa mtu wa Galu, fungu jipya huanza saa tisa usiku. Uvuvi wa usiku wa kuamkia Jumamosi, kutoka magharibi hadi alfajiri, huangukia mafungu mawili: sehemu kubwa huandikwa Ijumaa, na iliyobaki Jumamosi. Anayetaka usiku mmoja kamili asome mafungu yote mawili, kisha achuje kwa saa. Jedwali lililokwisha kujumlisha siku nzima halimfai kwa kazi hiyo. Anahitaji rekodi zenye saa.

Mwenye jedwali anaweza kulizuia lisijibu swali lolote lisilo na sharti la tarehe. Kwa jedwali linalotumiwa na watu wengi, huu ndio ulinzi wa kwanza wa kuweka, kwani swali moja la kizembe hutosha kuvimbisha ankara ya mwezi. Hata hivyo, mafungu ya wakati hayasaidii kitu katika kutafuta mahali. Swali la Galu pekee kwa miaka yote litapitia kila siku ya bahari zote duniani, isipokuwa ndani ya kila fungu rekodi ziwe zimepangwa pia kwa latitudo na longitudo.