Asubuhi Puerco Ulipojaa Bila Mvua

Saa 11:30 alfajiri, Julai 16, 1979. Huko Church Rock, jimbo la New Mexico, Marekani, ukuta wa udongo wa bwawa la topesumu ulimeguka, ukaacha pengo la mita 6 hivi. Nyufa zake zilionekana tangu 1977, lakini kampuni ya United Nuclear, iliyokuwa ikichenjua urani hapo, iliendelea kulitumia bwawa. Alfajiri ya tarehe hiyohiyo, miaka 34 nyuma, bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa katika jimbo hilohilo.

Zaidi ya lita milioni 350 za maji ya tindikali, yenye makali yanayokaribia maji ya betri, ziliporomokea korongoni pamoja na tani zipatazo 1,000 za tope la mionzi, zikaingia mto Puerco.

Kwa asili Puerco ni mto wa msimu: mvua ikinyesha unafurika, ikikatika unabaki mchanga mtupu. Lakini migodi ya urani ilikuwa ikivuta maji ardhini kwa pampu na kuyamwaga bondeni, hivyo mto ukatiririka masika na kiangazi. Wafugaji wa Kinavajo, jamii ya wenyeji asilia wa Amerika, waliuzoea, wakanywesha kondoo wao humo. Maji yale ya kila siku nayo yalibeba urani. Kwangu mimi, mkasa ulianza hapo, miaka mingi kabla ukuta haujapasuka.

Asubuhi. Mkondo ulishuka hadi Gallup, ambako mto hupita mjini sambamba na reli, kisha ukaelekea magharibi, ukavuka mpaka na kuingia Arizona. Sumu ilisafiri kilomita 130 hivi, ikaacha madimbwi kingoni.

Mchana. Mifugo inahitaji maji, na wengi mtoni hawakuwa na habari. Wapo waliokanyaga maji yale wakaenda hospitali wakilalamika miguu inawaka moto. Wakaambiwa ni joto la jua.

Siku zilizofuata, vibarua walichota tope kwa sepetu na kulijaza kwenye mapipa. Walichoondoa kilikuwa sehemu ndogo mno. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, ya Machi mwaka huohuo, ilitangazwa dunia nzima, ingawa wapo wanaosema mionzi iliyomwagika Puerco ilikuwa mingi zaidi. Wanavajo waliomba eneo lao litangazwe kuwa la maafa; gavana akakataa. Kabla ya miezi mitano kutimia, kiwanda kilikuwa kimerudi kazini.