Kabati la Mjerumani, Kochi la Mhindi

Katika mji wetu wa Moshi kuna biashara isiyo na bango wala chama, na ambayo hutaisikia ikitajwa katika hotuba ya mgeni rasmi. Ni biashara ya fenicha kuukuu. Dalali anapanda na pikapu hadi Kibosho, Uru, Machame au Marangu, ananunua kabati lililokaa stoo miaka ishirini likiwekewa mahindi na madebe, analishusha mjini kwa fundi, linavuliwa rangi, linapigwa msasa na vanishi, na baada ya wiki mbili linaingia sebuleni kwa mtu likiwa na bei mpya na heshima mpya. Wengi wanaiona kuwa ni biashara ya makorokoro. Mimi nasema ni historia ya mji huu, na asiyeijua historia hiyo ndiye anayepunjwa bei.

Kanuni yake ni moja: mtu hauzi kitu kizuri kwa bei ya chini mpaka awe na haraka. Na Moshi, tangu iwe mji, imeaga watu wengi wenye haraka.

Kabla sijawafikia hao, niruhusu kituko kimoja. Mwaka 1889 Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo. Karibu na wakati huo Mangi Rindi wa Moshi alikuwa ametuma wajumbe hadi Berlin, na Kaisari wa Ujerumani akamrudishia zawadi kwa mkono wa msafiri Otto Ehlers. Miongoni mwa zawadi hizo lilikuwamo joho la kifalme ambalo mwimbaji mmoja alikuwa amelivaa jukwaani Berlin katika opera ya Lohengrin. Yaani Kaisari mzima alimletea mangi wetu nguo iliyokwisha kuvaliwa! Zawadi kama hizo zilipandishwa kutoka pwani kwa mabega ya wapagazi, na mzigo wa mpagazi enzi zile uliitwa mtumba. Neno ni lilelile tunalolitumia leo kule Memorial na Kiboriloni. Kwa hiyo anayedhani mitumba ilianza juzi, amechelewa miaka mia moja.

Tuje kwenye fenicha yenyewe. Moshi hii ya chini tunayoijua ilikua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika hapa mwaka 1911. Kabla ya hapo Moshi ilikuwa ile ya mlimani, ambayo mpaka leo tunaiita Old Moshi, palipokuwa na boma la Wajerumani. Reli iliteremsha mazao bandarini, na iliporudi iliweza kubeba vitu ambavyo bega la mpagazi lisingeviweza, kama kitanda cha chuma au kabati zima la vioo. Walowezi wakajenga mashambani na kuzijaza nyumba zao. Kisha Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi. Vita ilipokwisha Wajerumani walirudishwa kwao, mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na mashamba yakauzwa kwa mnada. Shamba hununuliwa na mwenye fedha, na wenye fedha wakati ule walikuwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Lakini kiti, saa ya ukutani au sanduku la nguo hununuliwa na yeyote aliye karibu.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi mwaka 1925, nao wakaja wakaanza upya. Septemba 1939 vita ya pili ikawakuta hapahapa, wanaume wakawekwa kizuizini, na mali ikarudi kulekule kwa msimamizi. Ndiyo maana dalali wa Moshi akitaka kukupandishia bei hukunong'oneza, "Hili la Mjerumani, mzee wangu." Mara nyingi si kweli. Kabati hilo lilitengenezwa hapahapa nchini, na fundi Kalasinga au na kijana aliyefundishwa useremala misheni, miaka ambayo Mjerumani huyo alikwisha kuondoka. Na wala hilo halilipunguzii thamani. Linaongeza, kwa sababu limetengenezwa kwa mbao za kwetu.

Maana aliyenunua samani nyingi kuliko mlowezi yeyote ni mkulima wa Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Bei ya kahawa ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kihamba kilianza kuota nyumba ya bati yenye kitu kipya kiitwacho sebule. Sebule haiwezi kukaa tupu. Likaagizwa kabati la vioo la kuwekea vikombe visivyoguswa mpaka aje padri au mchungaji. Yakaagizwa makochi ya mbao yenye mito ya sufi, na mama wa nyumba akayafumia vitambaa vyeupe vya kutandika mgongoni. Vitambaa hivyo, kwa maoni yangu, vimeokoa makochi mengi kuliko vanishi yoyote.

Mbao zilikuwa kamfa, ambayo watu wa Usambara huiita mkulo, podo kutoka msituni kwetu, na mvule au mninga kutoka mbali. Kamfa ndiyo mfalme. Ukiikwangua, hata ikiwa na miaka sabini, inatoa harufu ya kafuri, na wadudu hawaipendi. Mabibi zetu hawakuweka nguo za kanisani kwenye sanduku la kamfa kwa urembo.

Sasa tuje kwenye haraka kubwa kuliko zote. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo mwenyewe haishi humo peke yake, ikawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Hapa Moshi, kama miji mingine, walioguswa zaidi ni wenzetu wenye asili ya Asia. Wengi waliamua kuondoka, wakaenda Uingereza, wakaenda Kanada. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza wa Uganda, na hata waliokuwa bado wanasitasita hapa kwetu wakapata cha kufikiria. Mwaka 1973 ikaja zamu ya mashamba ya kahawa ya walowezi hapa Kilimanjaro, nayo yakataifishwa.

Angalia jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Sheria ilichukua majumba na mashamba. Haikuchukua viti. Lakini meza ya kulia watu kumi na wawili haipandi ndege, na mwenye tarehe ya kuondoka hana nafasi ya kubishana bei. Ndipo karani, mwalimu na muuguzi wa Moshi walipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ambazo zamani waliishia mlangoni, wakatoka na kochi kichwani. Wazee walionisimulia hawakuniambia kwa majivuno. Mmoja alisema alilipa zaidi ya alichotajiwa, kwa sababu aliona aibu kumwona mama aliyemfahamu akifuta vumbi meza anayoiuza. Mwingine alisubiri mpaka asubuhi ya safari, akijua bei itashuka, na kweli ikashuka. Wote wawili walipata fenicha nzuri, wala sitamsema yule wa pili. Ninachotaka tukumbuke ni kwamba siku ile sisi ndio tulikuwa upande wa mnunuzi.

Baada ya hapo ikaja miaka ya ukavu. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa Novemba 1983, na katikati yake palikuwa na vita vya Kagera. Waliokuwa wakipita njia za panya kwenda Taveta kuleta sabuni wanajua ninachosema. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa mali usiku kwa hofu ya kuulizwa wameipata wapi. Mimi ni mtoto wa miaka hiyo. Nyumbani kwetu kochi lilipokatika springi hakuna aliyewaza kununua jingine, kwa sababu RTC hapakuwa na kochi la kununua. Aliitwa fundi, akachana mpira wa ndani wa tairi kuwa mikanda, akaisuka chini ya kiti, akaweka gunia juu yake, na kochi likaendelea kutubeba miaka kumi na zaidi. Ufundi wa kufufua fenicha, ambao leo vijana wanaupiga picha kama jambo jipya, kwa mafundi wengi wa hapa ulikomazwa na rafu tupu za maduka.

Kuhusu nguo nitapita haraka, maana zina makala yake. Bajeti ya Juni 1984 ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na marobota ya "kafa Ulaya" yakaanza kumiminika. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutuondoa katika mpango wake wa kuuziana bidhaa bila ushuru, na sisi tukarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, ikaadhibiwa mwaka 2018. Hapa Moshi mzunguko una mambo yake: mtalii akishuka mlimani anamwachia mgumu aliyembebea mzigo buti zake, buti zinauzwa mjini, zinakodishwa kwa mtalii mwingine, na wiki inayofuata zinapanda Kibo tena.

Turudi kwenye kabati. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikaanguka, na kufikia 2001 ilikuwa chini kabisa. Wakulima waling'oa mibuni. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo. Kule mlimani wakabaki wazee wawili, mara nyingi mmoja, na sebule yenye kabati la vioo. Halafu kunakuja karo ya mjukuu, au kitanda cha hospitali, au arobaini ya mzee mwenyewe. Na dalali anapiga hodi.

Mjerumani alikuwa na haraka, Mhindi alikuwa na haraka, na leo mwenye haraka ni mama yetu. Tofauti ni kwamba wale waliuza wakaondoka. Huyu anauza na anabaki palepale, na mahali lilipokuwa kabati la kamfa anawekewa kabati la chipbodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ambalo likinywa maji ya mvua moja linavimba kama andazi.

Na kamfa nyingine haipatikani kirahisi. Mwaka 2001 watafiti walioruka kwa ndege juu ya msitu wa Kilimanjaro walikuta miti mingi ya kamfa imekatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, nami naunga mkono, kwa sababu bila msitu hakuna maji Moshi. Lakini maana yake kwa seremala ni kwamba mbao za halali zilizo karibu naye ni za msonobari, sipresi na mgrivea. Kamfa ya Kilimanjaro iliyobaki kwa biashara ya halali ni ile ambayo tayari ni kabati, tayari ni sanduku, tayari ni kitanda cha bibi. Madalali wanalijua hilo. Nimeona kabati lililonunuliwa mlimani kwa bei ya mbuzi mmoja likiuzwa mjini kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na kazi iliyofanyika katikati ilikuwa ya siku nne.

Siwaiti madalali wezi. Kusafirisha ni gharama, fundi anastahili ujira, na makabati mengine yakifunguliwa nyuma yanakutwa yamebunguliwa yote, hasara ikabaki kwa mnunuzi. Fundi mmoja wa Majengo alinionyesha kazi yake: anavua vanishi ya zamani kwa tina na msasa, anaziba matundu kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi, anabadilisha miguu iliyooza, na kila akigonga ubao anasikiliza. Hiyo ni kazi ya akili. Ninachopinga ni bei kupangwa na mtu mmoja anayejua na mwingine asiyejua.

Basi mama yangu wa Kibosho, dalali akija, usijibu siku hiyohiyo. Vuta droo uitazame kwenye kona: kama mbao zimeshikana kwa meno yaliyopishana bila msumari, hiyo ni kazi ya fundi wa zamani. Geuza kabati uangalie mgongo, maana chipbodi na plaiwudi haziwezi kujificha huko. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, unuse. Ukisikia kafuri, mpigie simu mwanao kabla hujataja bei. Na wewe mwanao uliyeko mjini, Desemba hii, unapofunga kabati jipya juu ya gari kulipandisha nyumbani, uliza kwanza lile la zamani lipo wapi.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutazungumzia mnada mwingine wa Moshi, ule wa kahawa.